Wachezaji wa barafuni wa Kisovieti walikuwa na majina

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wako wa michezo wa Jumamosi iliyopita, ile iliyosimulia jinsi vijana wa vyuo vya Marekani walivyowafunga Wasovieti 4–3 katika mpira wa magongo wa barafuni, mjini Lake Placid, Februari 1980. Mwandishi wako aliwataja Wamarekani mmoja mmoja: Mike Eruzione aliyefunga bao la ushindi, Jim Craig aliyesimama golini, kocha Herb Brooks. Wanastahili kutajwa. Lakini upande wa pili hakutaja hata mtu mmoja. Aliandika "mashine nyekundu", akarudia tena na tena, akaongeza "kikosi cha roboti kutoka Moscow", akafunga makala. Msomaji asiyejua historia ataondoka akidhani Marekani ilicheza na mtambo.

Naomba nafasi nijibu, kwa sababu watu hao nawajua kwa majina na wengine wao niliwaona kwa macho yangu. Nilisomea uhandisi Moscow, katika Chuo Kikuu cha Urafiki cha Patrice Lumumba, na nilikuwa huko mwaka huo wa 1980 na miaka kadhaa baada yake. Yale niliyoyashuhudia, na niliyoendelea kuyafuatilia tangu nirudi nyumbani, hayafanani na picha aliyoichora mwandishi wako.

Kwanza kuna jambo la kusahihishwa. Mechi ile haikuwa fainali. Timu nne zilicheza mzunguko wa mwisho kwa pointi, na Wamarekani ilibidi waifunge Ufini 4–2 siku mbili baadaye ndipo wavishwe dhahabu. Wasovieti nao waliichapa Uswidi 9–2, wakapata fedha.

Sasa twende kwa watu wenyewe. Golini kwa Wasovieti alisimama Vladislav Tretiak, jezi namba 20. Alikuwa na umri wa miaka 27 na tayari ana dhahabu mbili za Olimpiki, ya Sapporo 1972 na ya Innsbruck 1976. Katika sekunde ya mwisho kabisa ya kipindi cha kwanza alilitema shuti, Mark Johnson akaliwahi, ikawa 2–2. Kocha Viktor Tikhonov akamtoa hapohapo na kumwingiza Vladimir Myshkin. Wiki mbili nyuma timu hizihizi zilikuwa zimekutana New York na Wasovieti wakashinda 10–3. Hata usiku ule wa Lake Placid walipiga mashuti 39 kwa 16 ya Wamarekani. Tikhonov mwenyewe alikuja kukiri kwamba kumtoa Tretiak lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya katika kazi yake. Mtambo haumpumzishi kipa bora duniani kwa hasira ya dakika moja. Binadamu ndiye hufanya hivyo, tena binadamu mwenye madaraka ambayo hakuna wa kumhoji.

Kulipopambazuka Moscow ilikuwa tarehe 23 Februari, Sikukuu ya Jeshi, na wengi wa wachezaji wale walikuwa wa CSKA, klabu ya jeshi, wenye vyeo vya kijeshi. Bweni letu lilikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekaa mlangoni kukagua vitambulisho. Kila asubuhi ya baridi alikuwa akitukagua pia kama tumevaa kofia, sisi watoto wa nchi za joto, na asiyevaa alirudishwa juu ghorofani akaifuate. Siku hiyo tulipita vichwa wazi na hakusema kitu. Nilipomsalimia aliniuliza swali moja: kwa nini wamemtoa Tretiak? Aliniuliza mimi, mwanafunzi kutoka Tanga, kana kwamba nilikuwa na jibu. Baadaye nilikuja kusikia swali hilohilo kwenye basi, kwenye foleni ya mkate, na kwa mwalimu wetu wa hesabu. Hakuna aliyeuliza mtambo umeharibikia wapi. Waliuliza habari za mtu wao.

Mchezo huo kwao haukuwa wa asili, na hili mwandishi wako angelijua angeandika kwa heshima zaidi. Warusi walikuwa na mchezo wao wa zamani wa magongo juu ya barafu, unaochezwa kwa mpira mdogo kwenye uwanja mpana kama wa soka. Huu wa Kikanada, wa kisahani cheusi cha raba ngumu, wachezaji sita kila upande pamoja na kipa, vipindi vitatu vya dakika ishirini, waliuanzishia ligi mwaka 1946, vita imekwisha mwaka mmoja tu nyuma. Mwaka 1954 walikwenda Stockholm kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia, wakaifunga Kanada 7–2 na kurudi na ubingwa. Miaka minane tu tangu waanze!

Nyota wa siku zile alikuwa Vsevolod Bobrov, na hapa mpenzi wa soka atege sikio. Bobrov alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya soka kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952. Walipocheza na Yugoslavia mjini Tampere walikuwa nyuma 5–1, wakarudisha yote, 5–5, na Bobrov peke yake akafunga matatu. Miaka minne baadaye, mwaka 1956, huyohuyo alikuwa nahodha wa timu ya barafuni iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Cortina d'Ampezzo, Italia. Nitajie mwingine aliyewahi kuongoza timu mbili za namna hiyo.

Na alinusurika kifo. Januari 1950 ndege iliyowabeba wachezaji wa timu ya jeshi la anga, VVS, ilianguka karibu na Sverdlovsk katika hali mbaya ya hewa, wote waliokuwamo wakafa. Bobrov alikuwa wa timu hiyo lakini ndege ilimwacha, akasafiri kwa treni. Magazeti ya wakati ule hayakuandika kitu. Timu ikaundwa upya, ikaendelea na ligi. Wale waliokufa wangetangazwa na kuliliwa hadharani, pengine leo tusingekuwa na watu wanaodhani kwamba kule walicheza wasiokuwa na wazazi wala wake.

Mtu aliyewafundisha kucheza vile alikuwa Anatoli Tarasov wa CSKA. Alianza bila uwanja wa barafu ya kutengenezwa, akitegemea baridi ya Mungu, kwa hiyo miezi mingine yote aliwafanyisha mazoezi nchi kavu: kukimbia, kunyanyua vyuma, kucheza soka, kubebana mgongoni. Kanada walikuwa wakipiga kisahani mbele na kukikimbilia kwa mabavu. Tarasov aliwataka vijana wake wapasiane, wapasiane tena, na asiye na kisahani awe anakimbia kuliko aliye nacho. Akiwa pamoja na Arkady Chernyshev aliiongoza timu ya taifa kuchukua ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo, kuanzia 1963 mpaka 1971. Halafu akafanya lile ambalo mimi nalipenda kuliko makombe yake. Mwaka 1964 alianzisha mashindano ya watoto yaliyoitwa Zolotaya Shaiba, yaani Kisahani cha Dhahabu, ya watoto wa mitaani, wale wasiokuwa na klabu.

Matokeo yake niliyaona kwa macho. Katikati ya majumba ya ghorofa karibu na bweni letu kulikuwa na kiwanja kilichozungushiwa mbao. Baridi ikishaingia sawasawa, baba mmoja wa jengo lile alitoka usiku na mpira wa maji akakimwagia, asubuhi kikawa kimeganda. Watoto walicheza hapo mpaka gizani, mashavu mekundu, mama zao wanawaita dirishani na wao hawasikii. Wengi walikuwa wamejishonea mgongoni namba 17 kwa kitambaa cheupe, kila mmoja kwa ukubwa wake, nyingine zimepinda. Timu nzima namba 17. Yule mdogo kuliko wote, aliyewekwa golini kwa lazima, ndiye pekee aliyekuwa na 20.

Namba 17 ilikuwa ya Valeri Kharlamov. Mhariri, kama una nafasi ya mtu mmoja tu kwenye ukurasa wako, mpe huyu.

Baba yake alikuwa Mrusi, fundi wa kiwandani. Mama yake alikuwa Mbaski wa Bilbao, Hispania, aliyeletwa Umoja wa Kisovieti akiwa mtoto pamoja na watoto wengine wa Kihispania waliokimbizwa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Valeri alizaliwa Moscow mwaka 1948. Utotoni aliugua koo, ugonjwa ukashuka kwenye moyo, madaktari wakamkataza kukimbia. Mwaka 1962 baba yake akampeleka kwa siri kwenye majaribio ya CSKA, bila kumwambia mama mtu. Akapita. Alikuwa mfupi, na Tarasov alimtilia shaka kwa ajili hiyo, akapelekwa Chebarkul, mji mdogo wa Urali, kucheza timu ya daraja la chini. Huko alifunga mabao mpaka ikabidi arudishwe.

Aliporudi aliwekwa safu moja na Boris Mikhailov na Vladimir Petrov, namba 13, 16 na 17. Mikhailov alikuwa mtu wa mbele ya goli, wa kupigwa magongo ya mbavu na kutohama. Petrov alikuwa na nguvu na shuti. Kharlamov alikuwa na kitu ambacho hakifundishiki. Nilimwona akiichezea CSKA katika miaka yake ya mwisho, nikiwa nimekaa juu kabisa, tiketi ya mwanafunzi. Alikuja moja kwa moja kwa mabeki wawili, kila mmoja akimzidi kichwa kizima. Bega likaenda kushoto, gongo likaenda kulia, na kisahani akakiacha nyuma kwa makusudi. Mabeki walifuata gongo. Yeye akakisukuma kile kisahani kwa kiatu, kikamtangulia katikati yao, akakikuta upande wa pili. Kule juu tulikokaa tulisikia chuma cha viatu vyake kikikwaruza barafu, maana ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza. Goli hakufunga; kipa alidaka. Watu walisimama wakampigia makofi vilevile.

Kanada walimjua tarehe 2 Septemba 1972, Montreal. Ilikuwa mara ya kwanza wachezaji wao wa kulipwa, wakubwa wenyewe, kukutana na Wasovieti katika mfululizo wa mechi nane, na wengi kule walitabiri kushinda zote. Wakafunga bao sekunde ya 30. Wakafunga la pili. Halafu zikaingia saba za Wasovieti, mwisho 7–3, na Kharlamov alifunga mbili. Golini alikuwa Tretiak, kijana wa miaka 20. Kocha alikuwa Bobrov yuleyule.

Katika mechi ya sita, Moscow, Bobby Clarke wa Kanada alimpiga Kharlamov gongo la kifundo cha mguu. Hakutafuta kisahani, alitafuta mguu. Kharlamov aliikosa mechi ya saba, akacheza ya nane akiwa na maumivu. Kanada waliishinda hiyo 6–5 kwa bao la Paul Henderson, zikiwa zimebaki sekunde 34, wakauchukua mfululizo wote. Henderson anaimbwa mpaka leo kwao, na sina kinyongo naye. Ila ninapoambiwa kwamba Wasovieti ndio waliokuwa bila moyo, huikumbuka ile fimbo ya Clarke.

Agosti 1981 Tikhonov alimwacha Kharlamov nje ya kikosi cha kwenda Kanada kugombea Kombe la Kanada, mashindano ya timu za taifa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Asubuhi ya tarehe 27 alikuwa anarudi mjini kwa gari, mkewe Irina anaendesha, barabara ya Leningrad imelowa mvua. Waligongana na lori. Alikufa yeye, mkewe, na jamaa wa mkewe waliyekuwa naye. Waliacha watoto wawili wadogo, Alexander na Begonita, huyu wa pili amepewa jina la bibi yake wa Bilbao. Wenzake walipata habari wakiwa Winnipeg. Tarehe 13 Septemba waliifunga Kanada 8–1 katika fainali, Montreal, mji uleule.

Siku ya kumuaga nilikwenda CSKA na wanafunzi wenzangu wawili. Hatukufika ndani, foleni ilikuwa ndefu kupita uwezo wetu. Kulikuwa na wanaume wazima wenye medali za vita wanalia bila kujifuta. Watoto walikuja na namba zao za kitambaa mgongoni, ingawa lilikuwa joto la Agosti na zile ni fulana nzito za baridi. Kwa hiyo, Mhariri, mtu akiniandikia "roboti" namwona yule mtoto anayetoka jasho ndani ya fulana ya sufu.

Sikatai kwamba mfumo ulikuwa mkali. Ulikuwa mkali mno, na hapo ndipo mwandishi wako angepata makala ya kweli kama angewatafuta wenyewe. Tikhonov aliwaweka kambini Arkhangelskoye, nje ya Moscow, sehemu kubwa ya mwaka. Mtu ameoa, ana watoto, anaishi umbali mfupi wa gari, lakini nyumbani anafika kama mgeni. Mwaka 1984, baada ya dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki, Tretiak aliomba aruhusiwe kulala kwake na kwenda kambini karibu na mechi tu. Alikataliwa, akastaafu akiwa na umri wa miaka 32. Montreal, klabu ya NHL, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, walikuwa wamemchagua mwaka mmoja kabla na hakuruhusiwa kwenda.

Wakati huo tayari kulikuwa na watano wengine, ambao nadhani barafu haijaona wa kuwazidi wakicheza pamoja: Vyacheslav Fetisov na Alexei Kasatonov nyuma, na mbele Sergei Makarov, Igor Larionov na Vladimir Krutov. Larionov alikuwa mwembamba, mtaratibu, mpangaji. Oktoba 1988 aliandika barua ya wazi kwa Tikhonov katika jarida la Ogonyok, akayasema ya kambini yote, ya wake wasioonana na waume zao, ya kocha anayetawala maisha ya watu wazima. Aliweka jina lake chini ya barua hiyo akiwa bado mchezaji wa Tikhonov na ofisa wa jeshi. Nilikuwa nimesharudi Tanzania. Rafiki aliyebaki kule alinikatia kurasa zile akaniletea kwa posta, na bado ninazo.

Fetisov, nahodha, aliahidiwa kuachiwa kwenda Marekani, ahadi ikavunjwa, naye akakataa kumchezea Tikhonov tena. Alifungiwa milango ya mazoezi. Wenzake wakasema hadharani kwamba bila yeye hawaendi mashindano ya dunia ya 1989, akarudishwa, wakaenda Stockholm wakachukua ubingwa. Kasatonov hakusimama naye, na urafiki wao wa tangu ujanani ukafa. Walikuja kukutana tena timu moja, New Jersey, wakawa hawasemeshani. Makarov alikwenda Calgary, klabu ya NHL, na akiwa na miaka 31 akapewa tuzo ya mchezaji mpya bora, wakubwa wa ligi hiyo wakabadilisha kanuni ili asitokee mwingine mwenye umri huo. Krutov alikwenda Vancouver, akadumu msimu mmoja tu, akashindwa maisha ya huko, akafariki 2012 akiwa na miaka 52. Fetisov na Larionov walitwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, wakiwa na klabu ya Detroit mwaka 1997, na Agosti hiyo wakalipeleka Moscow, mpaka Medani Nyekundu. Siku sita tu baada ya ubingwa ule gari lililombeba Fetisov na mchezaji mwenzake Vladimir Konstantinov liligonga mti. Konstantinov hakucheza tena.

Ombi langu kwako ni dogo. Sahihisha lile la fainali. Halafu mwandishi wako akigusa tena habari hizi, ataje hata majina matano kutoka upande wa pili. Wasomaji wapo. Nairobi kuna vijana waliojifunza mchezo huu kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli, wakaunda timu, wakajiita Ice Lions, wakafika mpaka Kanada mwaka 2018. Kijana wa Kiafrika aliyekwishavaa viatu vile vya chuma akisoma gazeti la Kiswahili, ana haki ya kukuta humo jina la Kharlamov kama anavyokuta la Eruzione.

Kama dawati lako la michezo litataka zile kurasa za Ogonyok, nitatoa nakala na kuzifasiri mwenyewe, bila malipo.

Wako,
Mhandisi mstaafu,
Tanga